Dhamiri Inaposhitaki: Kazi na Mipaka ya Hatia ya Moyoni katika Imani ya Kikristo

Wakristo wa Zanzibar, ambao ni wachache katikati ya jamii ya Kiislamu, huulizwa na majirani zao maswali mawili ambayo kwa juu juu yanapingana. La kwanza ni kwa nini dini yao humfanya mtu ajione mkosaji siku zote, apige kifua kanisani na kutamka kwamba amekosa, amekosa sana. La pili ni kwa nini dini hiyo hiyo huonekana kuyafuta makosa kwa wepesi mno, kiasi kwamba mtu akishamweleza padri mambo yake Jumamosi jioni, Jumapili asubuhi anapita Mkunazini kama asiyedaiwa na yeyote. Muulizaji wa kwanza anaona hatia imezidi, na wa pili anaona haitoshi. Wote wawili wameshika jambo la kweli, na si majirani tu wanaotatizika nalo, kwani Wakristo wengi pia hawajatenganisha hatia yenyewe, yaani hali ya mtu aliyetenda kosa, na uchungu wa moyoni unaomwambia kuwa ametenda kosa. Uchungu huo una kazi ya kweli katika imani ya Kikristo. Hata hivyo, kazi yake ni ya shahidi, si ya hakimu, na shahidi huyu ana tabia ya kunyamaza anapotakiwa kusema na ya kupiga kelele pasipokuwa na kesi.

Biblia inalionesha jambo hili kwa uwazi wa ajabu katika maisha ya mtu mmoja, mfalme Daudi. Katika sura ya 24 ya Samweli wa Kwanza, Daudi amejificha pangoni akimkimbia Sauli, na Sauli anaingia humo bila kujua. Daudi ananyatia, anakata upindo wa vazi la mfalme, na mara moyo wake unamchoma. Hakumwaga damu wala hakuiba mali. Ni kipande cha nguo tu, na bado amefadhaika. Miaka mingi baadaye, katika sura ya 11 ya Samweli wa Pili, Daudi huyo huyo anamchukua Bathsheba, mke wa askari wake Uria, na anapoona mambo yataharibika anaandika barua ya kuagiza Uria awekwe mbele penye vita vikali ili afe. Barua hiyo anampa Uria mwenyewe aipeleke. Msimulizi, ambaye hapo mwanzo hakusahau kututajia moyo uliochomwa na kipande cha nguo, safari hii hataji mchomo wowote. Miezi inapita, mtoto anazaliwa, mfalme anaendelea na shughuli zake.

Aliyekuja kumwamsha si dhamiri yake. Ni nabii Nathani, tena kwa hila, kwa kumsimulia kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi anawaka hasira na kumhukumu tajiri huyo kifo, na hapo ndipo anapoambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Dhamiri yake ilikuwa hai kabisa, kwa maana iliweza kuona dhuluma ya mtu mwingine mara moja. Ilikuwa imelala upande mmoja tu, upande wake mwenyewe. Kwa maoni yangu, mtu anayetaka kufahamu mafundisho ya Kikristo kuhusu dhamiri afadhali aanze na sura hizi mbili kabla ya kufungua kitabu chochote cha wanateolojia.

Mtume Paulo ndiye aliyelipa jambo hili lugha yake ya kudumu. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 2, anaandika kuhusu watu wasio na Torati ya Musa ambao hata hivyo dhamiri yao huwashuhudia, na mawazo yao huwashitaki au kuwatetea. Hapa dhamiri imesimama kizimbani kama shahidi. Lakini anapowaandikia Wakorintho, katika sura ya 4 ya waraka wa kwanza, anaongeza kifungu ambacho wahubiri wengi hukipita haraka: anasema hajui neno lolote juu ya nafsi yake, lakini hilo halimfanyi ahesabiwe haki, kwa sababu anayemhukumu ni Bwana. Maana yake ni kwamba moyo mtulivu si hati ya kuachiwa huru. Yohana naye, katika sura ya 3 ya waraka wake wa kwanza, anasema kinyume chake kwa wale wanaosumbuliwa: mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Ukiviweka vifungu hivi viwili pamoja, unapata mipaka ya shahidi huyu kwa pande zote mbili, kwamba ukimya wake hauthibitishi usafi wa mtu, na kelele zake nazo hazithibitishi kuwa mtu huyo ameshalaaniwa.

Ukimya wa dhamiri ni jambo zito zaidi kuliko tunavyopenda kukiri, na hapa Unguja hatuhitaji kwenda mbali kulitafakari. Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini limesimama pale palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huo huo, chini ya usimamizi wa Edward Steere, ambaye baadaye akawa askofu. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni, na inasimuliwa kwamba hapo ndipo ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Wageni huoneshwa duara hilo kama alama ya uovu wa watu wengine, wale wafanyabiashara wa zamani, na kisha hutoka nje wakiwa na moyo mwepesi. Mimi naona duara hilo lina la kumwambia Mkristo mwenyewe.

Tukumbuke kwamba Kanisa la Uingereza, ambalo waumini wake ndio waliowatuma wamisionari wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati) huku kwetu, lilikuwa limemiliki watumwa kupitia chombo chake lenyewe. Shirika lake la kueneza Injili lilirithi mashamba ya miwa ya Codrington kule Barbados mwanzoni mwa karne ya 18, likayaendesha kwa watumwa hadi miaka ya 1830, na kwa kipindi fulani watumwa hao walichomwa chapa kifuani yenye neno la Kiingereza lenye maana ya "Shirika". Walioendesha mambo hayo walikuwa watu wa sala. Ilipofika Februari 2006, Sinodi Kuu ya Kanisa hilo ilipitisha azimio la kuomba radhi. Kutoka kukomeshwa kwa utumwa katika makoloni ya Uingereza hadi kuwekwa jiwe la msingi la Mkunazini haikutimia miaka 40, na hata baada ya soko kufungwa, watumwa waliendelea kufanya kazi katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba mpaka hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897.

Kwa mtu mmoja mmoja, mfano unaokubalika kuwa mkali ni wa John Newton, Mwingereza aliyetunga wimbo unaoimbwa karibu kila dhehebu kuhusu neema ya ajabu. Aliongoka mwaka 1748 baharini, katika dhoruba. Wengi hudhani aliachana na biashara ya watumwa pale pale, na mahubiri mengi yanasimuliwa hivyo kwa kuwa yananoga zaidi. Ukweli ni kwamba alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa baada ya kuongoka, akiwasalisha mabaharia wake huku watu wamefungwa minyororo chini ya sitaha, na aliacha mwaka 1754 kwa sababu ya afya. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba wakati huo hakuwahi kutia shaka juu ya uhalali wa kazi hiyo. Mwaka 1788 ndipo alipotoa kijitabu cha kuishutumu biashara hiyo na kukiri sehemu yake. Miaka 40 ilipita kati ya dhoruba na kijitabu. Dhamiri yake haikuwa imekufa, kwa kuwa ilimsumbua kwa matusi na makufuru ya ujana wake. Ila haikuwa imefundishwa kumwona mtu aliye chini ya sitaha kuwa ni mtu anayedhulumiwa.

Kwa hiyo, mafundisho ya Kikristo hayasemi tu "fuata dhamiri yako". Yanasema dhamiri hupaswa kufuatwa na pia hupaswa kulelewa. Mwanateolojia Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alifundisha kwamba mtu anayetenda kinyume cha dhamiri yake hukosa hata kama dhamiri hiyo imepotoka, kwa sababu anatenda lile analoamini kuwa ni baya. Lakini alifundisha pia kwamba anayeifuata dhamiri iliyopotoka hasalimiki ikiwa upotofu huo umetokana na kutotaka kujua. Ndiyo maana Kanisa humhitaji Nathani kila kizazi. Askofu Frank Weston, aliyeongoza Dayosisi ya Zanzibar kuanzia 1908 hadi 1924, alichukua nafasi hiyo mwaka 1920 alipowaandikia Waingereza wenzake kuwashutumu kwa sera ya kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi katika makoloni ya Afrika Mashariki. Wasomaji wake wengi walijiona ndio waliokomesha utumwa, na dhamiri zao zilikuwa zimetulia kwa sababu hiyo hiyo.

Upande wa pili wa tatizo ni dhamiri isiyonyamaza. Watu wa hapa wanaifahamu hali hii kwa jina la wasiwasi: kila mmoja amewahi kumwona mtu anayerudia udhu mara kwa mara kwa kushuku kwamba maji hayakufika kisiginoni, au anayevunja takbira na kuanza upya kwa kuogopa kwamba nia haikukaa sawa. Wakristo wana watu wao wa namna hiyo. Martin Luther, alipokuwa mtawa kijana mjini Erfurt, alikuwa akiungama kwa saa nyingi mfululizo, akitoka anakumbuka jingine na kurudi. Ignatius wa Loyola, mwaka 1522 huko Manresa, aliteswa na hofu kwamba hakuungama dhambi zake za zamani kwa ukamilifu, akaziungama tena na tena bila kupata nafuu, mpaka alipokata shauri la kutoziungama tena. Inastahili kuangaliwa kwamba watu hawa wawili, walioelekea pande zinazopingana katika mgawanyiko wa Waprotestanti na Wakatoliki wa karne ya 16, walipita mlango mmoja.

Waungamishi, yaani mapadri wanaosikiliza maungamo, wakiwa na uzoefu humshughulikia mtu wa namna hii kinyume kabisa na wanavyomshughulikia mkosaji wa kawaida. Humkataza kurudia kuungama lililokwisha kuungamwa, humtaka awe na muungamishi mmoja na amtii, na humwambia waziwazi kwamba utiifu wake sasa ni kutoisikiliza dhamiri yake katika jambo hilo. Padri mwenye busara hujua pia kwamba wasiwasi uliokithiri unaweza kuwa maradhi, na kwamba kumpeleka mtu hospitali si upungufu wa imani. Mhubiri anayeongeza moto kwa mtu wa aina hii, akidhani anamletea toba, anamdhuru.

Kuna pia jambo linalofanana na hatia lakini si hatia, nalo ni aibu. Katika visiwa hivi, ambako nyumba zimebanana na sitara ni jambo kubwa, ni rahisi mtu kuchukua hofu ya kusemwa akadhani ni dhamiri yake inayomsuta. Njia rahisi ya kuyapambanua ni kujiuliza kama uchungu ungebaki endapo hakuna mtu ambaye angejua. Daudi alipokata upindo wa vazi la Sauli alichomwa moyo kabla ya Sauli kugundua lolote. Huo ulikuwa uchungu wa kosa. Alipomwita Uria kutoka vitani na kumbembeleza aende akalale nyumbani kwake, ili mimba ionekane ni ya mumewe, alikuwa anaikimbia aibu, na ni aibu hiyo iliyompeleka kwenye mauaji. Aibu ina manufaa yake katika kulinda adabu, lakini inapojifanya dhamiri humfundisha mtu kuficha badala ya kutubu.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba macho ya wengine hayana nafasi yoyote. Mkristo anayefanya kazi Malindi au Chake Chake hujizuia kula hadharani mchana wa Ramadhani, na baadhi huuliza kama huko ni kuikana imani. Paulo alikutana na swali lililo karibu na hilo kule Korintho, kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu. Aliwaambia kwamba chakula chenyewe hakina neno, lakini mtu aache kula akiona mwenzake atakwazwa, na akaeleza kwamba anayoizungumzia hapo ni dhamiri ya yule mwingine. Yeye alikuwa akiwasemea waumini kwa waumini, na kulipeleka fundisho hilo kwa jirani Mwislamu ni hatua ya ziada. Mimi naiona ni hatua halali. Anayeacha kula mbele ya mfungaji kwa heshima hana hatia anayoikimbia, wala hana sababu ya kujihukumu siku atakayokunywa maji chumbani kwake.

Sasa tuje kwenye kiini. Dhamiri ikishashitaki kwa haki, inafuata nini? Injili zinawaweka mbele yetu watu wawili waliotenda kosa linalokaribiana katika usiku mmoja. Petro alimkana bwana wake mara tatu, akatoka nje akalia kwa uchungu. Yuda alimsaliti, na Mathayo anasema alijuta, akavirudisha vile vipande 30 vya fedha kwa wakuu wa makuhani na kukiri kwamba amesaliti damu isiyo na hatia. Kwa kipimo cha uchungu peke yake, Yuda hakupungukiwa; tena alikiri kwa maneno na kurudisha fedha, mambo ambayo Petro usiku ule hakuyafanya. Tofauti iko katika mahali alipoupeleka uchungu wake. Makuhani walimjibu kwamba hayo hayawahusu, naye hakuwa na mwingine wa kumwendea, au alidhani hana. Petro alibaki na wenzake, na katika sura ya mwisho ya Yohana anaulizwa mara tatu kama anampenda Yesu, kisha anapewa kazi. Paulo analiita hili tofauti kati ya huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu, iletayo toba, na huzuni ya dunia, iletayo mauti. Anayehubiri kwamba Mungu anataka watu waumie moyoni, akaishia hapo, anahubiri nusu ambayo hata Yuda alikuwa nayo.

Waraka kwa Waebrania unaieleza nusu ya pili kwa lugha ya hekalu. Mwandishi anasema sadaka za wanyama zilizotolewa mwaka baada ya mwaka hazikuweza kumkamilisha mtu katika dhamiri yake, na kwamba damu ya Kristo huisafisha dhamiri ili watu wamwabudu Mungu aliye hai. Madai hayo ni makubwa kuliko yanavyosikika. Kusafisha dhamiri hakumaanishi kuipa dawa ya usingizi, kwani wapo ambao waraka wa kwanza kwa Timotheo unawaita watu waliochomwa moto dhamiri zao, na hao hawasifiwi. Maana yake ni kwamba shitaka lilisikilizwa, likakubaliwa kuwa la kweli, na deni likachukuliwa na mwingine. Anayesamehewa hatakiwi kusema hakukosa.

Namna ya kulipokea hilo hutofautiana. Wakatoliki wa kanisa la Minara Miwili pale Shangani, kwa kufuata utaratibu wa Mtaguso wa Laterano (mkutano mkuu wa maaskofu) wa mwaka 1215, hutakiwa kuungama kwa padri angalau mara moja kwa mwaka. Waanglikana wa Zanzibar, ambao mapokeo yao yanaelemea upande wa Kikatoliki, nao wanayo maungamo ya faragha. Makanisa ya Kipentekoste humwelekeza mtu amwombe Mungu moja kwa moja, na uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930 uliwazoeza watu wengi wa Afrika Mashariki kukiri hadharani mbele ya ndugu. Kila njia ina hatari yake: faragha inaweza kuwa maficho, na hadhara inaweza kuwa onesho. Katika misa, waumini husali kwamba wamekosa "kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu", na ni hicho kipengele cha mwisho ambacho dhamiri iliyoachwa peke yake hukiona kwa shida kuliko vyote, kwa sababu jambo lisilotendwa haliachi alama.

Jirani aliyeuliza juu ya msamaha mwepesi anastahili jibu lake hapa. Katika Uislamu hufundishwa kwamba dhambi inayogusa haki za waja haimaliziki kwa kumwomba Mungu tu, bali mwenye haki arudishiwe au aombwe radhi. Ukristo ukifundishwa sawasawa unasema vivyo hivyo. Yesu, katika sura ya 5 ya Mathayo, anamwambia mtu aliyekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka madhabahuni, aende akapatane naye kwanza. Zakayo mtoza ushuru alitangaza kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya.

Tuchukue muuza duka wa Darajani ambaye mizani yake imechezewa, kila kilo ya sukari ikawa pungufu kwa gramu 50. Katika gunia la kilo 50 anabakiwa na zaidi ya kilo 2.5 alizolipwa bila kuzitoa. Akienda kuungama, padri hawezi kumwondolea dhambi huku akijua kwamba ana nia ya kuendelea na mizani ile. Atamtaka airekebishe, kisha akadirie, kwa uaminifu na bila kujipendelea, ni magunia mangapi na ni kiasi gani cha fedha. Wateja wa kudumu anaowajua, kama mama lishe wanaochukua sukari kwake kila wiki, atawafidia kwa njia yoyote inayofaa, hata kwa kuwazidishia kipimo bila kujitangaza. Waliopita mara moja na wasiojulikana, sehemu yao huenda kwa maskini, na haiwezi kurudi dukani kwa jina la sadaka ya kumpatia sifa. Asipokuwa na uwezo wa kulipa kwa mara moja, atalipa kidogo kidogo. Na ikiwa amelipa yote na bado moyo unamsuta kila anapopima sukari, muungamishi mwema hatamwambia alipe tena.